Sura ya Sita: Nipe Mji

Mwaka 1984 Muhammed Said Abdulla alitoa kitabu ambacho jina lake peke yake lilitosha kuanzisha ubishi kabla mtu hajafungua ukurasa wa kwanza: *Kosa la Bwana Msa*. Kwa miaka 24 wasomaji walikuwa wamemzoea mpelelezi huyu wa Unguja, mtu mpole, mvuta kiko, mchache wa maneno, ambaye huingia katika jambo lililowatoa wenzake jasho na kulikunjua polepole mbele ya wote. Walimwona akinyamaza wakati kila mtu anasema, na mwishoni wakamwona akisema wakati kila mtu amenyamaza. Sasa mwandishi wake mwenyewe anakuja kutangaza jaladani kwamba bwana huyu amekosa. Amekosa nini? Amemshuku asiyehusika? Amemwamini asiyeaminika? Au huo ni mtego, na atakayekosa ni msomaji?

Kitabu kinachojitegemea humkuta msomaji akiwa mgeni. Sehemu mpya ya mfululizo humkuta akiwa mwenyeji: anajua nani huropoka, nani hukasirika upesi, nani akinyamaza kuna jambo. Na mwenyeji ana madai yake. Katika mfululizo wa upelelezi wenye vichekesho madai hayo ni mawili, na ni kazi kuyatimiza yote kwa pamoja: nidanganye vizuri, na unichekeshe wakati unanidanganya.

Katika sura hii nitayatazama madai hayo nikiwa nimesimama Tunduma, mbali kabisa na minazi na mikarafuu ya nyumbani kwa Bwana Msa. Nimeuchagua mji huu kwa sababu mfululizo haupimwi vizuri na watu wa kwao. Watu wa kwao watausamehe mengi. Upime kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona bahari, ana mambo yake, na kitabu kimemfikia kikiwa kimekwisha kupita mikono ya watu wengine.

Mji wa kungoja

Tunduma ni mji wa mwisho wa Tanzania kwa anayekwenda Zambia kwa barabara kuu. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi na inayofanya kazi tangu katikati ya miaka ya 1970, nayo hupita hapo kabla ya kuvuka mpaka. Tangu 2016 mji uko katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya, na sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya laki mbili. Ng'ambo ni Nakonde. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, shangazi huku, mjomba kule, na noti za kwacha na shilingi hubadilishana mikono tangu asubuhi.

Ukiondoa biashara, kazi kubwa ya Tunduma ni kungoja. Dereva anangoja nyaraka, wakala wa forodha anangoja mfumo urudi, utingo anamngoja dereva, na mama lishe anawangoja wote wawili walipe. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kupunguza adha hiyo, lakini bado zipo siku ambazo foleni ya malori hurudi nyuma hadi Mpemba na kupita. Mzigo unakwenda Lusaka, Lubumbashi au Kolwezi. Shaba inarudi. Katikati ya kwenda na kurudi kuna saa nyingi ambazo mtu hawezi kulala wala kuondoka.

Mahali pa namna hiyo huzaa wasomaji wa aina yake. Kwa miaka mingi gazeti la Dar es Salaam lililofika kwa basi lilikuwa la jana, na hakuna aliyelidharau kwa hilo. Jarida la *Sani*, pamoja na akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, lilisomwa hadi likapoteza kurasa za pembeni. Riwaya ndogo za mfukoni zilikaa juu ya dashibodi pamoja na leseni. Msomaji wa foleni alijifunza jambo moja ambalo msomaji wa maktaba hulisahau: neno "itaendelea" lililopo chini ya ukurasa ni ahadi, na anayeahidi anadaiwa.

Kizazi kilichoupokea mfululizo wa Bwana Msa katika miaka ya 1970 na 1980 kilikuwa kipya katika kusoma. Elimu ya watu wazima ilipamba moto tangu 1970, na elimu ya msingi kwa wote ikafuata mwaka 1977. Watu wengi mno walipata kisomo, na sehemu kubwa yao waliishi bara, mbali na Pwani. Miaka hiyohiyo uchumi uliyumba, karatasi ikawa adimu, na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililompa Abdulla nafasi yake ya kwanza, likatoweka pamoja na Jumuiya ya zamani mwaka 1977. Kwa hiyo wasomaji waliongezeka upesi kuliko nakala. Kitabu kimoja kikawa mali ya watu wengi, na maoni ya msomaji yakawa jambo la hadharani. Mtu hakusoma na kufunga. Alisoma, akainua macho, akasema.

Deni la kitendawili

Mswahili hakusubiri riwaya ya upelelezi ndipo ajue kubahatisha. "Kitendawili!" "Tega!" Anayetega anasema nyumba yake haina mlango. Wasikilizaji wanajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakishindwa, mtegaji anadai: nipe mji. Atapewa Mombasa au Zanzibar, ataizunguka kwa majigambo, ataeleza alivyopokelewa na alivyokula, na mwisho ndipo atakapowaambia kwamba ni yai. Wasikilizaji wanaguna, wanacheka, wanakubali. Wanakubali kwa sababu jibu lilikuwamo ndani ya maneno ya swali tangu mwanzo. Lau angesema ni kiatu, wangemvua mji wao palepale.

Sheria yote ya hadithi ya upelelezi imo humo. Mwandishi ana ruhusa ya kunifumba macho, hana ruhusa ya kunificha kitu. Wazungu waliliandikia kanuni jambo hili baadaye sana. Agatha Christie alipotoa *The Murder of Roger Ackroyd* mwaka 1926, baadhi ya wasomaji walilalamika kwamba amecheza rafu, na wengine wakajibu kwamba kila kitu kilikuwa wazi kwa mwenye macho. Mwaka 1929 Ronald Knox, kasisi aliyeandika pia riwaya za upelelezi, akatoa amri kumi za mchezo huo. Moja ilikataza mizimu na miujiza kutumika kama jibu.

Sasa mtazame Abdulla. Hadithi yake ya kwanza, iliyoshinda mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya 1957 na 1958 na kuchapishwa 1960, aliiita *Mzimu wa Watu wa Kale*. Aliuweka mzimu jaladani. Maiti inakutwa pale penye mzimu, na watu wa hadithi wanakuwa na jibu tayari hata kabla polisi hawajafika. Bwana Msa hawacheki watu hao wala hawakemei. Anavuta kiko chake na kuanza kutafuta mkono wa binadamu. Huo ndio mzaha mkubwa wa mfululizo mzima, na haukuhitaji sentensi ya kuchekesha: watu wazima wenye heshima zao wanakimbilia lisiloonekana, wakati linaloonekana liko mezani.

Peleka kitabu hicho kwenye kijiwe cha kahawa mpakani. Tuseme anasoma utingo kijana kwa sauti, wanasikiliza watu sita. Katikati ya sura mmoja anamkatiza:

"Dogo, rudi nyuma kidogo. Huyo jamaa alisema alikuwa wapi usiku ule?"

"Kaka, alisema alikuwa kwake."

"Basi simwamini. Mtu aliyekuwa kwake haulizwi akajibu upesi hivyo."

"Mzee wangu, wewe kila mtu humwamini. Acha dogo asome."

Maneno hayo ni yangu, lakini mwenendo wake anaujua kila aliyesikiliza hadithi katika kundi. Kila msikilizaji ana mtuhumiwa wake, na anamtetea au kumshtaki kama wakili. Hadithi inapokwisha, hoja ya kwanza haihusu uzuri wa lugha. Inahusu deni: je, tulionyeshwa? Watarudisha kurasa. Wakilikuta lile neno dogo lililopita bila kutambuliwa, watatoa mji kwa moyo mmoja. Wasipolikuta, watasema mwandishi amewaonea, na sehemu inayofuata itaanza ikiwa na deni la nyuma.

Hapa Abdulla ana udhaifu, na msomaji mkali atamshika. Fundo lake mara nyingi limo katika nasaba: mtoto wa fulani kumbe ni wa fulani, mrithi aliyedhaniwa hayupo yupo, mtu mwenye jina hili alikuwa na jina lile. Ukimsoma kwa mfululizo, unaanza kuwahesabu ndugu badala ya kuzifuata dalili. Kwa msomaji wa mji mtulivu, mbinu hiyo inaweza kuonekana ya kubahatisha. Mpakani haina ajabu yoyote. Mtu mwenye jina moja huku na jingine kule, mwenye nyumba Tunduma na nyumba Nakonde, anayeitwa baba na watoto wasiojuana, ni habari ya kawaida ya jioni. Msomaji huyo atasema Abdulla amepunguza chumvi.

Kumcheka Najum

Vichekesho katika mfululizo huu vimebebwa na mtu mmoja zaidi ya wote, naye ni Najum. Nafasi yake inajulikana tangu siku za Sherlock Holmes na Daktari Watson: rafiki anayeandamana na mpelelezi, anayeona yale yale anayoyaona mpelelezi, na asiyeelewa kitu. Abdulla hakuficha alikokopa. Kiko ni kilekile. Lakini Najum si Watson aliyevishwa kanzu. Watson humstaajabia rafiki yake. Najum hana subira naye. Anataka jibu sasa, ana jibu lake tayari, na anakasirika kiasi anaponyimwa nafasi ya kulitoa. Anatenda kama baraza zima la wabishi lililowekwa ndani ya mtu mmoja.

Ndiyo maana kumcheka Najum kuna raha na kuna hatari. Kurasa mbili kabla hujamcheka, nawe ulikuwa umefikiri kama yeye. Amesema kwa sauti ulichokuwa unakisema moyoni, akaumbuka, nawe unacheka ili usionekane kwamba mlikuwa pamoja. Na wakati unacheka, dalili imepita. Abdulla alilifahamu hilo vizuri. Mzaha wake una kazi ya kumzubaisha msomaji saa ambayo alitakiwa kuwa macho. Katika riwaya isiyo na mzaha, kama *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, mwandishi hukuficha dalili kwa hofu: moyo unakwenda mbio, macho yanaruka mistari. Bwana Msa hukuficha dalili kwa kicheko. Njia zote mbili ni halali, lakini ya pili inadai zaidi, maana hofu ileile inaweza kurudiwa na ikatisha tena. Mzaha uleule ukirudiwa huchosha.

Hapo ndipo kila sehemu mpya inapopita kwenye tundu la sindano. Najum afanyweje? Akiwa amejifunza kutokana na miaka yote ya kukaa na Bwana Msa, vichekesho vimekufa na Bwana Msa amebaki bila mtu wa kumsubirisha. Akiwa mjinga kama siku ya kwanza, msomaji anaanza kuuliza imekuwaje mtu mzima asijifunze lolote, na mwandishi ameanza kumdharau mtu wake. Wasomaji wa mfululizo hugawanyika katika makundi mawili juu ya jambo hili. Wapo wanaodai Najum yuleyule milele. Wapo wanaotaka angalau mara moja apatie, amwache Bwana Msa na kiko chake mdomoni. Kwa kundi la pili, jina *Kosa la Bwana Msa* lilikuwa ahadi tamu: huenda zamu ya Najum imefika.

Waandishi wengine wa Tanzania walilikwepa tatizo hilo kwa njia zao. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na *Kufa na Kupona* mwaka 1974, hana Najum wala hana muda wa utani. Ni jasusi wa taifa, na msomaji anamfuata kwa fahari. *Kikosi cha Kisasi* kilipompeleka Kinshasa mwaka 1979, dereva aliyekuwa akivuka kwenda Congo alikuwa na jambo la kukagua: barabara, mazungumzo, tabia za askari. Joram Kiango wa Ben Mtobwa yuko katikati. Ana Nuru pembeni yake, ana Inspekta Kombora wa kukasirishwa, na ana ulimi mkali unaofanya hata hatari ionekane kama utani. Kombora naye ni Najum wa aina yake, amevaa magwanda. Hata Redio Tanzania ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, ambao hila zao zilimfanya msikilizaji acheke upande wa mwizi. Hivyo msomaji wa bara alipofika kwa Bwana Msa hakuwa mtoto. Alikuwa amekwisha kupimishwa aina nyingi za mchanganyiko wa kosa na kicheko.

Kicheko cha Unguja, masikio ya Tunduma

Kuna mzaha wa tukio, mzaha wa tabia na mzaha wa lugha, na haisafiri kwa nauli moja. Mzaha wa tukio hufika popote: mtu aliyejificha akapiga chafya huchekesha Makunduchi na huchekesha Vwawa. Mzaha wa tabia hufika pia, lakini kwa kuchelewa, baada ya msomaji kumjua mhusika. Ndiyo sababu Najum wa kitabu cha tatu huchekesha kuliko wa kitabu cha kwanza, ingawa hakuongezewa kitu. Mzaha wa lugha ndio unaokwama njiani. Abdulla alizaliwa Unguja mwaka 1918, na Kiswahili chake kimejaa mizunguko ya watu wa huko: heshima inayouma, swali linalojibiwa kwa swali, neno la dini lililotiwa ndani ya kejeli. Kwa Mnyiha wa Mbozi au Mndali wa Ileje aliyejifunza Kiswahili shuleni na kukimalizia kwenye malori, baadhi ya mizunguko hiyo hupita kama hotuba ya kawaida.

Nini hutokea hapo? Hutokea kitu ambacho waandishi wachache wamekipigia hesabu: maelezo. Mtu mmoja anacheka peke yake, wengine wanamtazama, naye analazimika kufafanua. Mara nyingi ni mwalimu, au ni dereva aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi. Akifafanua vizuri, mzaha unachekwa mara ya pili na watu wengi zaidi. Akifafanua vibaya, wanamcheka yeye. Katika hali zote kitabu kimepata muda mrefu kuliko kurasa zake. Sehemu mpya inapokuja, wasikilizaji hao tayari wana msamiati wa Unguja mdomoni, na wanautumia kwa mbwembwe kwa watu wasiomjua Bwana Msa.

Naamini Abdulla alikuwa na msomaji wa namna hii akilini zaidi ya inavyodhaniwa. Alikuwa mwandishi wa magazeti Zanzibar, kisha tangu 1958 akahariri jarida la *Mkulima* Dar es Salaam kwa miaka kumi. Mtu anayewaandikia wakulima wa nchi nzima mwezi hadi mwezi hujifunza kwamba neno la kijijini kwake halitoshi. Tazama anavyomjenga Bwana Msa: herufi za jina lake zimetoka kwenye jina la mwandishi, Muhammed Said Abdulla, lakini mwenendo wake unaweza kufahamika bila kamusi. Ananyamaza. Anavuta kiko. Anauliza jambo linaloonekana halina maana. Ukimya hautafsiriwi, na ucheshi wa mtu mkimya aliyezungukwa na waropokaji unafika hadi mpakani bila kulipa ushuru.

Saa iliyosimama

*Kisima cha Giningi* kilitoka mwaka 1968, miaka minne baada ya Mapinduzi. Vikafuata *Duniani Kuna Watu* mwaka 1973, *Siri ya Sifuri* 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* 1975 na *Mwana wa Yungi Hulewa* 1976. Zanzibar ilikuwa imegeuka juu chini. Zanzibar ya Bwana Msa haikugeuka hivyo. Mabwana wa mashamba, watumishi, mawakili, urithi wa kugombewa: dunia ile ya zamani iliendelea kuzunguka kwenye kiko cha mtu mmoja. Wahakiki wamemlaumu Abdulla kwa hilo, na lawama yao ina haki. Lakini jiulize kwa nini wasomaji wa kawaida hawakumwacha.

Wasomaji wa mfululizo popote duniani hupenda saa iliyosimama. Arthur Conan Doyle alichoka na Sherlock Holmes akamuua Desemba 1893. Wasomaji walikasirika, wakaandika barua za matusi, wengine wakasusa jarida lililokuwa likichapisha hadithi hizo. Mwaka 1901 alilegea akaandika kisa kilichotokea kabla ya kifo hicho, na 1903 akamrudisha kabisa. Karibu nasi zaidi, Alexander McCall Smith ameandika zaidi ya vitabu 20 vya Mma Ramotswe, mpelelezi wa Gaborone, tangu 1998. Humo uhalifu ni mdogo na ucheshi ni mpana. Anayekifungua kipya anataka kwanza ahakikishe kwamba mama yule bado anakunywa chai yake na kigari chake cheupe bado kinawaka. Kisa chenyewe huja baadaye.

Hata hivyo saa ya hadithi ikisimama, ya msomaji inakwenda. Hapa Tunduma ina ushahidi wake. Mwaka 1983 serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwa mbele, na sheria maalumu ikatungwa kwa kesi hizo. Nchini kote watu walikamatwa kwa tuhuma za ulanguzi na magendo, na kuna waliotupa bidhaa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Mji wa mpakani, wenye njia zake za panya na maduka yenye bidhaa za ng'ambo, haukuhitaji kusimuliwa maana ya kutuhumiwa. Mwaka uliofuata likatoka *Kosa la Bwana Msa*. Abdulla hakuandika juu ya Sokoine wala juu ya sukari ya magendo. Lakini jina linalosema kwamba hata mpelelezi mwerevu hukosa halisikiki sawa katika mji uliotoka kuona watu wengi wakishukiwa kwa mkupuo. Kuna anayelisoma kama mzaha, na kuna anayelisoma huku akimfikiria jirani yake. Wote wawili wamesoma kitabu kilekile, na wote wawili wamekisoma sawasawa.

Ndiyo maana sikubali kwamba msomaji wa hadithi za kuchekesha anakimbia dunia yake. Msomaji wa Tunduma anashinda siku nzima akiwa kati ya maneno na mizigo: karatasi inasema mbolea, sili imefungwa, dereva anaapa, na bado kuna anayepanda juu kuchungulia. Kuulizana "hiki kinachosemwa ndicho kilichopo?" ndiyo riziki ya nusu ya mji. Jioni anapomfungua Bwana Msa, anaufanya mchezo uleule bila hofu ya kutozwa faini. Hapo kukosea ni ruhusa. Mtu aliyemshuku asiyehusika atataniwa kesho, basi.

Mwenye kufichua

Upo mtu mmoja ambaye kijiwe hakimsamehi: aliyemaliza kitabu kwanza na akamtaja muuaji. Katika nchi yenye nakala nyingi kosa lake ni dogo, kwa kuwa anamwudhi jirani mmoja. Palipo na nakala moja, anawanyang'anya watu kumi. Adhabu yake hulingana na kosa: kitabu kinachofuata atakipata wa mwisho, au atasomewa bila sura ya mwisho. Sitaki adhabu hiyo inipate, kwa hiyo kosa lenyewe la Bwana Msa sitalitaja hapa. Atakayelitaka alitafute kitabuni, alete na mtuhumiwa wake.

Mwiko huo unaonyesha vizuri maoni ya wasomaji ni kitu gani. Tumezoea kudhani msomaji husoma kwanza, kisha huhukumu: kizuri, kibaya, hiki kimezidi kile cha mwanzo. Katika mfululizo wa upelelezi wa kuchekesha hukumu huanza tangu jalada na huendelea ndani ya usomaji wenyewe, kwa vicheko, miguno, kukatizana na kurudisha kurasa. Mwandishi hayupo kusikia. Abdulla alifariki mwaka 1991, Mtobwa 2008, Musiba 2010, na hakuna kijiwe cha Tunduma kilichowapelekea muhtasari wa kikao. Hata hivyo kikao hicho ndicho kilichoamua nani asomwe tena na nani afungiwe maandazi.

Mwandishi kijana anayetaka kuanzisha mpelelezi wake leo, tena akampa ofisi Tunduma kati ya mzani na forodha, angefanya vyema kuyajua masharti yaliyokwisha kuwekwa. Dalili iwekwe wazi, hata kama imefunikwa kwa kicheko. Anayechekwa awe mtu ambaye msomaji angeweza kuwa yeye. Mzimu ukitajwa, mkono wa binadamu utafutwe. Shujaa abaki yuleyule, na kisa kisiwe kilekile. Akitaka kujua kama sehemu yake ya pili imesimama, asiulize watu kama wameipenda, maana kwa heshima watasema ndiyo. Aulize walianza kubishana ukurasa wa ngapi, na nani alilazimika kutoa mji. Wakimwambia walisoma hadi mwisho kwa utulivu, bila mtu kumkatiza msomaji hata mara moja, arudi mezani akaiandike upya.